Der, die, das na ngeli zetu: miaka 35 nikifundisha Kijerumani

Niliingia darasani kufundisha Kijerumani kwa mara ya kwanza mwaka 1987, nikastaafu 2022. Hapo katikati nimefundisha watu wa kila namna: wanafunzi wa sekondari waliopangiwa somo bila kuulizwa, wanachuo waliowania ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili masomo, wauguzi, mafundi, wake na waume waliotaka kuwafuata wenzi wao Ujerumani, na watu wazima wachache waliokuja kwa mapenzi ya lugha tu. Wengi walifaulu. Wapo pia niliowaangusha mimi, na hao nawakumbuka kwa sura, kwa dawati walilokaa na kwa sentensi iliyowashinda. Naandika haya kwa mwalimu anayeanza kazi, na kwa mwanafunzi aliyekwama njiani akadhani kichwa chake ndicho kibovu.

Nilianza na cheti, kitabu kimoja cha kiada na msimamo mmoja mkali. Kitabu kilikuwa na ramani ya Ujerumani mbili zilizotenganishwa na mstari mnene. Msimamo wangu ulikuwa kwamba Kiswahili kiachwe mlangoni. Ndivyo nilivyofundishwa mwenyewe, na niliamini ukimzibia mtu njia nyingine zote atapita ile unayoitaka. Kila siku niliandika juu ya ubao "Hier sprechen wir nur Deutsch", hapa tunazungumza Kijerumani tu, na aliyeteleza alisimama mpaka atoe sentensi moja sahihi ndipo aketi.

Ukuta wa Berlin ulifunguliwa tarehe 9 Novemba 1989, nchi mbili zikaungana tarehe 3 Oktoba 1990, na mimi nikaendelea na kitabu kile kile kwa miaka kadhaa kwa sababu hakukuwa na kingine. Ramani mpya niliichora kwa chaki. Sheria yangu ya mlangoni ilidumu zaidi ya ule mstari: miaka 14.

Madhara yake niliyaona mapema ila sikuyaelewa. Darasa langu lilikuwa kimya, nami nikauita ukimya ule nidhamu. Katika mwaka wangu wa pili tulifika kwenye neno Mädchen, msichana. Kila nomino ya Kijerumani ina kineno chake cha mbele kinachoonyesha jinsia: der ya kiume, die ya kike, das isiyo ya kiume wala ya kike. Binti mmoja aliyekuwa amesimama kwa adhabu hiyo hiyo aliinua mkono, akajikongoja kwa Kijerumani chake cha miezi michache kuniuliza: mwanamke ni "die Frau", kwa nini msichana awe "das"? Je, kwao msichana si mtu mpaka aolewe? Nilijua kanuni, kwamba neno linaloishia na -chen huchukua das. Nikaitaja, nikamwambia aikariri. Lakini yeye hakuuliza kanuni. Aliuliza sababu, na mimi sikuwa nayo, wala sikuwa na ujasiri wa kusema mbele ya darasa kwamba sina. Mpaka mwaka unaisha hakuuliza swali lingine.

Mwaka 1994 nilipata nafasi ya kwenda Ujerumani kwa mafunzo ya walimu, kusini mwa nchi. Nilikuwa nimefundisha miaka saba bila kukanyaga huko. Siku ya kwanza nilimuuliza bwana mmoja saa ngapi, akajibu "drei viertel drei". Robo tatu ya tatu? Nilisimama pale nikipiga hesabu mpaka akanionyesha saa yake: ilikuwa 2:45, yaani kwetu saa nane na dakika arobaini na tano. Kitabu changu kilikuwa na "Viertel vor drei", robo kabla ya tatu, peke yake. Kwenye duka la mikate niliomba Brötchen, mwenye duka akanirudishia kwa jina la Semmel. Berlin wangeniambia Schrippe. Watu hawakuniambia "Guten Tag", waliniambia "Grüß Gott". Jioni ile nilikaa kitandani nikalia, kwa sababu niliona kama nimewadanganya wanafunzi wangu wa miaka saba. Niliwafundisha lugha moja iliyonyooka, na nje kulikuwa na lugha inayotembea kila mtaa kwa mwendo wake.

Sasa najua kwamba mshtuko ule humpata karibu kila mtu, na ndiyo sababu namwambia kila mwanafunzi anayeondoka: wiki tatu za mwanzo utajiona hujui kitu, na hiyo haina maana kwamba hukujifunza. Zoeza sikio kabla hujaenda. Deutsche Welle wana habari zinazosomwa polepole, nazo ni ngazi nzuri ya kuanzia, lakini usibaki hapo. Sikiliza habari hizo hizo kwa mwendo wa kawaida siku hiyo hiyo, hata ukiambulia nusu. Mwenyeji wa Hamburg, wa München na wa Vienna kila mmoja ana lafudhi yake, na Mwaustria atakuambia "Jänner" pale kitabu kilipokufundisha "Januar".

Tarehe 1 Agosti 1998 tahajia mpya ilianza kutumika rasmi. Kwa miaka 11 nilikuwa nimeweka wekundu kwa kila aliyeandika "dass", yaani kwamba, kwa sababu sahihi ilikuwa "daß", yenye herufi ß inayosomwa kama s. Kuanzia siku ile "dass" ikawa sahihi, na ile niliyoipigania, baada ya miaka ya mpito, ikawa kosa. Kanuni yenyewe ni nyepesi kuliko ya zamani: baada ya irabu fupi andika ss, baada ya irabu ndefu ß hubaki, kama katika Straße na Fuß. Waswisi hawaitumii ß kabisa. Jambo hili lilinisumbua kuliko nilivyotarajia. Nilifikiria zile alama nilizokata.

Kilichonigeuza kilikuja 2001, darasa la jioni, watu wamechoka na mimi nimechoka. Tulirudi kwenye Mädchen. Fundi magari mmoja, mtu asiyesema sana, akaniomba: "Mwalimu, naomba niseme kwa Kiswahili kidogo tu." Sikuwa na nguvu za kumkatalia. Akasema: "Sisi tunasema mtoto analia. Lakini tukimdogosha tunasema kitoto kinalia. Hajaacha kuwa mtu, ni ule udogo umemhamisha ngeli. Hawa nao si wamefanya hivyo hivyo?"

Nilibaki na chaki mkononi. Ndivyo hasa walivyofanya. Mädchen limetoka kwenye Magd, neno la zamani la mwanamwali, likapachikwa -chen ya kudogosha. Der Hund, mbwa, akidogoshwa huwa das Hündchen, kama sisi tunavyosema kijibwa kinabweka. Die Katze huwa das Kätzchen. Kila kinachodogoshwa, kiwe cha kike au cha kiume, kinahamia das, kama chetu kinavyohamia KI-VI. Jibu la yule binti wa mwaka wangu wa pili lilikuwa mdomoni mwake mwenyewe, na mimi ndiye niliyemwamuru aliache mlangoni.

Usiku ule nilifuta sheria yangu. Simaanishi kwamba nilianza kufundisha Kijerumani kwa Kiswahili. Hilo nalo ni kosa, nimewaona walimu wanaotafsiri kila mstari na wanafunzi wao hawasikii Kijerumani hata dakika kumi. Maana yangu ni kwamba nilianza kuuliza, kila nilipofika mahali pagumu: sisi tunafanyaje? Mara nyingine jibu lilikuwa daraja. Mara nyingine tuligundua hakuna daraja, na kujua hivyo kulisaidia pia, maana mwanafunzi aliacha kulitafuta.

Mfano wa daraja ni ngeli zenyewe. Watu huja darasani wameshatishwa kwamba Kijerumani kina jinsia tatu zisizo na mantiki. Nawauliza: kwa nini mti ni M-MI na kiti ni KI-VI? Nani alikukaririsha? Hakuna. Ulisikia "mti umeanguka, kiti kimevunjika" mara elfu mpaka sikio likakataa "kiti umevunjika". Na tena kazi yetu ni nzito zaidi: ngeli yetu huingia kwenye kivumishi, kwenye kionyeshi na kwenye kitenzi. Yao haigusi kitenzi kabisa. Mtu anayeongea Kiswahili bila kufikiri ameshabeba mzigo mkubwa kuliko der, die, das. Nimeona mabega ya watu yakishuka nikisema hivi.

Kutoka hapo linafuata jambo ninalowasihi walimu wote: usimruhusu mwanafunzi aandike "Tisch = meza". Nilifanya hivyo kwa miaka, nikijiambia kile kineno cha mbele, artikeli, tutakiongeza baadaye. Baadaye haikufika. Mtu aliyefika ngazi ya B1, ya tatu kati ya ngazi sita za lugha zinazoanzia A1 hadi C2, na maneno 2,000 yasiyo na artikeli anapaswa kuyajifunza yote upya, na wengi hukata tamaa hapo. Andika "der Tisch, die Tische", umoja na wingi pamoja, kama mtoto wetu anavyopokea kiti na viti kwa mkupuo mmoja. Na miisho itumie: -ung, -heit, -keit, -schaft na -tion ni die; -chen na -lein ni das; -ling na -ismus ni der. Hiyo peke yake inakutatulia mamia ya maneno.

Daraja lingine ni kauli ya kutendea. Dativi, umbo la nomino linaloonyesha anayefanyiwa jambo, iliwatesa wanafunzi wangu kuliko kitu chochote. "Die Mutter" inageuka "der Mutter", wakadhani mama amekuwa mwanamume. Siku moja niliandika ubaoni "Nimemwandikia mama barua", nikapiga mstari chini ya ile -i- katikati ya "andikia". Hiyo irabu moja inasema kazi imefanywa kwa ajili ya mtu. Mjerumani hana ya kuipachika kwenye kitenzi, kwa hiyo anaipachika kwenye artikeli: "Ich habe der Mutter einen Brief geschrieben." Anayeandikiwa, anayenunuliwa, anayepikiwa, huyo ndiye dativi. "Namnunulia mtoto kitabu": "Ich kaufe dem Kind ein Buch." Darasa zima lilielewa ndani ya robo saa jambo lililokuwa likinichukua mwezi.

Lakini sema pia daraja linapokatika. Helfen, kusaidia, kinataka dativi, nasi tunasema "namsaidia", ambako -ia ni ya kitenzi chenyewe, si ya kutendea. Folgen, kufuata, nacho kinataka dativi, nasi tunasema "namfuata" bila -ia yoyote. Fragen, kuuliza, hakitaki dativi, na wanafunzi wetu husema "ich frage dir" mpaka wanazeeka. Hivyo vichache vikaririwe tu. Na kubwa kuliko yote ni mezani. Sisi tunasema "weka kitabu mezani" na "kitabu kiko mezani", ile -ni haibadiliki. Wao wanasema "auf den Tisch" kitabu kikienda na "auf dem Tisch" kikiwa kimetulia. Hapa Kiswahili hakitusaidii, na niliwaambia hivyo wazi. Dawa niliyoipata ni mwili: mtu ainuke, aweke kitabu huku akisema, aondoe mkono, kisha aseme ya pili. Wakikaa wakaandika mazoezi tu, hawaipati.

Kwa mpangilio wa maneno nilitumia kadi za boksi. "Ich rufe dich morgen an", nitakupigia simu kesho. Kitenzi ni anrufen, lakini kipande cha an kinakatwa na kutupwa mwisho kabisa. Watu watano walisimama mbele, kila mmoja na kadi yake, mwenye an upande wa mlango. Kisha nikaanza kuongeza: um acht Uhr, nach der Arbeit. Kila neno jipya lilipoingia katikati, mwenye an alisukumwa hatua moja, mpaka akawa kizingitini, kadi kifuani, akitutazama kwa wasiwasi kama tutamsahau. Kwa weil, kwa sababu, mchezo ulikuwa mwingine: mara weil ikiingia, mwenye kitenzi alitoka nafasi ya pili akakimbilia mwisho wa mstari. "Ich bin krank", mimi ni mgonjwa, ikawa "weil ich krank bin". Baada ya miaka nilikutana na mmoja wao, akaniambia bado akiandika barua kazini anamwona yule kijana wa kizingitini.

Tarakimu nazo zisidharauliwe. Fünfunddreißig ni tano-na-thelathini, na mtu akisikia tano kwanza huandika 5, kisha 3, akapata 53. Wengi wamepoteza alama za kusikiliza kwa hilo. Saa ndiyo mtego mbaya zaidi. "Halb drei" ni nusu kuelekea tatu, yaani 2:30, ambayo kwetu ni saa nane na nusu. Mwanafunzi wetu anapaswa kuruka vihunzi viwili kwa mara moja, na anayesema "tatu na nusu" amejikwaa kwenye vyote. Fundisha jambo hili kwa kusikia, kila siku dakika tatu, kwa miezi.

Kuhusu kalamu nyekundu. Mwanafunzi mmoja, muuguzi, aliandika barua ya ukurasa mmoja kuhusu kazi yake ya zamu ya usiku. Ilikuwa barua nzuri, yenye wagonjwa na taa na mtu anayeita jina la mwanawe. Niliisahihisha usiku, na nilipohesabu alama zangu zilikuwa 41. Nilimrudishia nikiona nimemfanyia kazi kubwa. Aliitazama, akaikunja mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka ikawa kama kidonge, akaibana kiganjani. Wiki iliyofuata alileta sentensi sita. "Ich bin Krankenschwester. Ich arbeite im Krankenhaus." Mimi ni muuguzi, nafanya kazi hospitalini. Zote sahihi, na ndani yake hakuna mtu. Nilikuwa nimemfundisha kwamba usalama ni kutosema kitu.

Tangu hapo nilichagua kosa la aina moja kwa kila kazi, kwa mfano nafasi ya kitenzi, nikasahihisha hilo tu, na pembeni nikaandika jambo nililolipenda katika alichosema. Walimu wenzangu wengine waliona nimelegea. Naheshimu mashaka yao, lakini niliona maandishi yakirefuka na makosa yakipungua kwa pamoja.

Kosa linaloniuma zaidi ni la 2007. Tangu Agosti mwaka huo sheria ya Ujerumani imewataka wengi wa wanaokwenda kuishi na mwenzi wao waonyeshe Kijerumani cha msingi, ngazi ya A1, kabla ya kupewa viza. Mama mmoja alinijia mwezi mmoja baadaye. Alikuwa hajashika daftari kwa miaka ishirini. "Mwalimu, wiki sita zinanitosha?" Nilimtazama nikaona jinsi anavyotaka kusikia ndiyo. "Ukijitahidi, zinatosha." Aliacha kazi ili asome kutwa, akawaaga ndugu. Ufaulu ni alama 60 kati ya 100. Yeye alipata 52. Alifaulu mara ya tatu, miezi minane baadaye, akiwa ameishi muda wote huo bila kipato, na mume wake akiwa ameanza kumuuliza kama kweli anataka kwenda. Hakuwahi kunilaumu. Mimi ndiye niliyekuwa na takwimu na yeye hakuwa nazo, nami nilimpa faraja badala ya hesabu.

Kwa hiyo hesabu ni hii, na mwalimu aitoe siku ya kwanza. Kozi za lugha ambazo Ujerumani yenyewe imekuwa ikiwapa wahamiaji tangu 2005 zina vipindi 600 vya dakika 45 ili kumfikisha mtu B1, na hao ni watu wanaosikia Kijerumani kwenye basi, dukani na kwa jirani. Ukisoma vipindi vinne kwa siku, siku tano kwa wiki, ni wiki 30 bila likizo wala ugonjwa. Anayekuahidi B1 kwa miezi mitatu anauza kitu kingine. Kwa A1, mtu aliyezoea kusoma anaweza kwenda haraka. Aliyeacha shule zamani apewe muda wa kujifunza kwanza kukaa na kitabu. Na kwa wanaofanya mtihani wa B1 wa Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani ya lugha na utamaduni: una sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, kila moja inahitaji alama 60 kati ya 100, na ukianguka moja unaweza kuirudia hiyo tu. Nimekutana na watu waliolipia zote nne upya kwa kutojua.

Pesa za kazi hii nitazisema wazi pia, kwa sababu vijana huingia wakiona heshima ya lugha ya kigeni. Sehemu kubwa ya maisha yangu nililipwa kwa kipindi. Kuandaa somo, kusahihisha, kumsindikiza mtu mpaka siku ya mtihani, hayo hayakuwa na malipo. Kuna miaka niliyofundisha sehemu tatu kwa siku moja na kufika nyumbani saa nne usiku na mfuko wa daftari. Taasisi moja ilifungwa ikiwa na deni langu la miezi miwili, na sikuwa na karatasi yoyote ya kushika. Daima dai mkataba wa maandishi. Uliza: darasa likiahirishwa nalipwa? Wakibaki wanafunzi wawili, nani anabeba hasara? Likizo inakuwaje? Akiba ya uzeeni nilianza kuiweka nikiwa na miaka 44, nikachelewa sana.

Na sauti. Mwaka 2013 sauti yangu ilikwaruza mwezi mzima, daktari akakuta vinundu kwenye nyuzi za sauti. Akanikataza kusema kwa wiki mbili. Sikuweza kumudu kuacha vipindi, kwa hiyo nilikwenda darasani bubu, na kadi na ishara za mikono. Siku ya tatu niligundua wanafunzi wanaulizana wao kwa wao, wanasahihishana, wanabishana kuhusu wem, nani anayetendewa, na wen, nani anayetendwa. Nafasi ile siku zote ilikuwa imejaa mimi. Nilipopona niliweka saa mezani na kujipimia: katika dakika 90, yangu yasizidi 30. Usishindane na kelele kwa kupaza sauti, usiongee ukiwa umeelekea ubao, na maji yawe karibu.

Mwaka 2020 ulituhamishia kwenye skrini, na huko nilishindwa jambo moja kabisa: ü na ö. Haya hufundishwa kwa mdomo unaoonekana. Sema "i" ndefu, usiuguse ulimi, kunja midomo kama ya "u", utapata ü. Sema "e", kunja midomo kama ya "o", utapata ö. Kwenye kioo inachukua dakika mbili. Kwenye picha inayokatikakatika, wenye kamera zimezimwa, iliwachukua wiki na wengine hawakuipata, na tofauti ya schon na schön, tayari na nzuri, ikabaki ya kubahatisha. Kundi lile lilikuwa la wauguzi wengi, maana mwaka huo huo sheria mpya ya Ujerumani ya wahamiaji wenye ujuzi ilikuwa imeanza kutumika tarehe 1 Machi. Niliwaomba kila mmoja anunue kioo kidogo.

Mmoja wa wauguzi hao alinipa somo langu la mwisho. Alifanya usaili wa kazi kwa video. Mwishoni waliuliza: "Haben Sie keine Fragen?" Huna maswali? Akaitikia "Ja", akatabasamu, akanyamaza. Kwetu ni sawa kabisa. "Huna kalamu?" "Ndiyo", maana yake ni kweli unavyosema, sina. Wao walisikia ninayo, wakangoja swali. Wakangoja. Naye akangoja wamuage. Aliponisimulia alikuwa bado anatetemeka, na mimi nikajua kwamba katika miaka 33 sikuwahi kulifundisha hilo hata mara moja, kwa sababu lilionekana dogo. Mjerumani akiuliza kwa ukanushi, "Nein" ni sina, na ukitaka kusema unalo kuna neno maalumu lisilo na pacha katika Kiswahili: doch. "Hast du kein Geld?" Huna pesa? "Doch." Ninazo, usemavyo sivyo.

Nililifundisha kwa miaka miwili iliyobaki, kila darasa, kwa kurusha maswali ya ukanushi pasipotarajiwa. Hunywi maji? Hukulala? Husomi? Karibu wote walisema "Ja" kwanza.

Siku yangu ya mwisho kipindi kilikuwa cha weil na obwohl, ingawa, kama kipindi kingine chochote. Zimebaki dakika tano, nikafunga daftari la mahudhurio na kuuliza, kwa mazoea tu: "Haben Sie heute keine Fragen?"

"Doch!" akasema mtu wa nyuma, mkono juu, na daftari lake limeshafunguliwa kwenye ukurasa wenye swali.